Soka ya Marekani: Tuipime kwa Kibaba Gani?

Mabishano ya mpira katika pwani hii ya Malindi na Kilifi hayahitaji mpira wenyewe. Yanahitaji benchi, kahawa chungu na mtu mmoja mwenye sauti. Miongoni mwa kauli zinazozuka mara kwa mara katika baraza hizo, ipo moja niliyoisikia Malindi mjini, nikaisikia Watamu, nikaisikia Mtwapa, na hatimaye nikaikuta ndani ya insha ya mwanafunzi: kwamba Wamarekani hawapendi soka, hawaijui, wala hawatakuja kuijua. Hutolewa kwa yakini ile ile ya mvuvi anayekuambia kwamba kusi imeanza kuvuma. Mwaka 2018, FIFA ilipokutana Moscow na kuamua kwamba Kombe la Dunia la 2026 liandaliwe na Marekani, Kanada na Meksiko, wabishi wetu waliongezewa kuni motoni.

Sina nia ya kuwatetea Wamarekani. Wanao mawakili wa kutosha. Ninalotaka kulichunguza ni neno "kupenda" linavyotumika katika ubishi huu, kwa kuwa limebebeshwa mzigo usio wake, na kwa kuwa walimu na wanafunzi hulirudia katika midahalo ya shule pasipo kulipekua.

Hoja ya kwanza ya wabishi huwa ni jina. "Watu gani hawa," huulizwa, "wanaouita mpira wa miguu 'soccer', kisha jina la 'football' wakaupa mchezo wa kukumbatia mpira kifuani?" Cheko hufuata. Aghalabu aulizaye hivyo huwa ametangulia kulitaja neno soka mara tano kabla ya kuvuta pumzi. Nyani haoni kundule. Soka yetu ndiyo hiyo hiyo "soccer", iliyovishwa irabu mwishoni ili ikae sawa kinywani mwa Mswahili, kama zilivyofanyiwa "timu", "ligi" na "penalti".

Wala Wamarekani hawakulibuni neno hilo. Mwaka 1863 vilabu vya London viliunda chama cha kusimamia sheria za mchezo usioruhusu mikono, na mchezo huo ukaitwa mpira wa chama, yaani "association football", ili utofautishwe na raga. Katika miaka ya 1880 wanafunzi wa Oxford walikuwa na mchezo wao mwingine, wa maneno: kulikata neno na kulibandika kiambishi tamati "-er". Raga ikawa "rugger"; "association" ikachinjwa kichwa na mkia, kikabaki kipande cha katikati, ikazaliwa "soccer". Waingereza walilitumia neno hilo kwa miongo mingi bila haya. Jarida la World Soccer lilianzishwa London mwaka 1960, na halikuanzishwa kwa ajili ya Wamarekani. Ni baadaye, kuanzia miaka ya 1970 na 1980, neno lilipoanza kunukia Marekani, ndipo Mwingereza alipomkana mwanawe. Nasi huku Kilifi tunamsaidia kumkana.

Malindi, kwa hakika, ndio mji wa mwisho uliostahili kuishika hoja hii ya jina. Waitaliano wameishi humo kwa miongo kadhaa, na vijana wa ufukweni wamejifunza lugha yao bila darasa. Muulize kijana yeyote kati yao mpira unaitwaje Kiitaliano, atakujibu "calcio". Neno hilo halina mpira ndani yake wala mguu. Maana yake ni teke. Shirikisho la Italia liliacha jina la Kiingereza na kushika hilo mwaka 1909. Je, yupo aliyewahi kudai kwamba Mwitaliano haupendi mpira kwa sababu anauita teke? Na sisi je? Neno letu "mpira" lilikuwa, na lingali, jina la mmea wenye utomvu unaonyumbuka, ambao wazee wetu waliukusanya na kuuuza ng'ambo katika karne ya 19. Mchezo mzima tumeuita kwa jina la utomvu, na hatujaupenda kidogo kwa sababu hiyo. Jina la mchezo hutueleza ulipitia bandari gani. Halituelezi moyo wa auchezaye.

Hoja ya pili ni nzito kidogo: kwamba viwanja na televisheni za Marekani zimeshikwa na michezo mingine. Hapa wabishi wana sehemu ya haki. Katika kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 2017, ni asilimia 7 tu ya Wamarekani walioitaja soka kuwa mchezo wanaopenda zaidi kuutazama, dhidi ya asilimia 37 waliotaja futiboli yao. Lakini katika kura hiyo hiyo besiboli, mchezo unaosemwa kuwa wa taifa, ilipata asilimia 9. Je, tuseme Wamarekani hawapendi besiboli pia?

Badili kibaba, na nafaka itatoka kipimo kingine. Katika hesabu ya wachezaji iliyofanywa na FIFA mwaka 2006, Marekani ilikuwa na zaidi ya watu milioni 24 wanaocheza soka, wakubwa kwa watoto, ikiwa ya pili duniani baada ya Uchina. Kombe la Dunia la 1994 liliandaliwa huko, na kila mchezo ulihudhuriwa na watazamaji 68,991 kwa wastani. Wastani huo haukuwa umefikiwa hapo kabla, wala haukufikiwa na mashindano saba yaliyofuata, hadi Qatar 2022. Waitaliano wa Malindi hawana haja ya kukumbushwa fainali ile ya Pasadena, iliyoanza saa nne unusu za usiku kwa saa zetu na kwisha kwa penalti ya Roberto Baggio kupaa juu ya mwamba. Mwaka 2018 klabu ya Atlanta ilikuwa ikitazamwa nyumbani na zaidi ya watu 50,000 kwa wastani. Hao wote walilipa kiingilio.

Sasa tugeuze kioo. Kwa mwanaisimu, kipimo kimoja cha mapenzi kinapatikana bure: viambishi vya nafsi. Kaa katika banda lolote la kuonyeshea mpira, iwe Kisumu Ndogo ya Malindi au kandokando ya barabara ya Kilifi, Jumamosi jioni. Utasikia "tumeshinda", "tumefungwa", "beki wetu ametuuza". Hiyo "tu-" ni ya klabu ya London au Manchester, ambayo msemaji hajapata kuiona kwa macho yake. Asubuhi ya kesho yake mwulize msemaji huyo huyo kuhusu timu ya mtaa wake iliyocheza uwanja wa Alaskan, au ile iliyocheza uwanja wa Karisa Maitha kule Kilifi. Kama ana habari, atakujibu: "Walifungwa." Kiambishi kimehama. Aliye mbali amekuwa sisi, na aliye jirani amekuwa wao.

Simlaumu mtu kwa kumpenda amtakaye. Isitoshe, "tu-" hii hurudi nyumbani ikipata sababu: Agosti 2025, Harambee Stars ilipoilaza Morocco 1-0 Kasarani katika mashindano ya CHAN, sikumsikia mtu yeyote akisema "walishinda". Lakini katika siku za kawaida, ukiondoa debi ya Gor Mahia na AFC Leopards, ligi yetu huchezwa aghalabu mbele ya viti vitupu. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Ni wanafunzi wangapi wa pwani wanaolijua jina hilo? Bandari ilitwaa kombe la FKF mwaka 2019, na ningeshangaa kama orodha ya wachezaji wake wa siku ile ingeweza kutajwa katika baraza ambamo akiba ya Arsenal hutajwa kwa moyo kama mashairi ya shule. Kama mapenzi ya soka ni kwenda uwanjani kuitazama klabu ya nyumbani, basi ni Mmarekani wa Atlanta atakayeketi barazani kwake na kusema: "Watu wa Kilifi hawapendi soka." Tutamjibu nini?

Hoja ya tatu ndiyo niichukiayo, kwa kuwa inafahamika vizuri mno huku kwetu. Husemwa: "Wanaopenda mpira Marekani si Wamarekani, ni wahamiaji." Ni kweli kwamba kwa miaka mingi ligi ya Meksiko imekuwa na watazamaji wengi mno katika televisheni za Marekani. Ni kweli pia kwamba bao lililoiangusha Uingereza 1-0 kule Belo Horizonte mwaka 1950 lilifungwa kwa ajili ya Marekani na Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti. Lakini ni nani aliyempa mbishi wa Malindi kazi ya kuamua Mmarekani ni yupi? Mji huu wenyewe umejengwa na waliokuja: kwa jahazi, kwa miguu kutoka bara, kwa ndege kutoka Milano. Tunajua uchungu wa kuulizwa "wewe hasa ni wa wapi?" na karani mwenye kalamu mkononi.

Upo mji mdogo wa Lewiston, katika jimbo la Maine, uliokuwa wa viwanda vya nguo. Kuanzia 2001 Wasomali walianza kuhamia huko, na baadaye wengine kutoka Kongo na kwingineko. Mwaka 2015 timu ya wavulana ya shule ya upili ya mji huo ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, na wachezaji wake kadhaa walikuwa watoto waliopitia kambi ya Dadaab, hapa hapa Kenya. Kabla ya mchezo walishikana mabega na kupiga ukelele wao, nao haukuwa wa Kiingereza. Walisema: "Pamoja ndugu!" Lugha yetu ilikuwa imefika katika theluji ya Maine ikiwa ndani ya soka, nasi tumeketi Malindi tukisema huko mpira haupo. Victor Wanyama naye, nahodha wa taifa letu, alipotoka Tottenham mwaka 2020 kwenda Montreal, katika ligi hiyo ya Marekani na Kanada, baraza liliamua kwamba amekwenda kustaafu. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Nimeliweka mwisho jambo ambalo wabishi hawapendi kulisikia. Marekani imetwaa Kombe la Dunia mara 4: 1991, 1999, 2015 na 2019. Tamka sentensi hiyo barazani na utakatizwa kabla ya kufika nukta. "Hao ni wanawake!" Ndio, ni wanawake. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zisizotenga jinsia katika nomino hizi: mchezaji ni mchezaji, kipa ni kipa, bingwa ni bingwa. Sarufi yetu imetufungulia mlango ambao lugha nyingi za Ulaya zimeufunga, na sisi tunatafuta kufuli ya kuufungia. Sheria ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayogharimiwa na serikali ya Marekani ndiyo iliyowapa wasichana wa nchi ile viwanja na makocha shuleni. Matunda yake yalionekana Julai 1999, watu 90,185 walipojaa uwanja ule ule wa Pasadena kutazama fainali ya wanawake dhidi ya Uchina. Hakuna klabu ya pwani hii, ya wanaume au ya wanawake, iliyowahi kuota umati wa namna hiyo.

Na wala hatuna haja ya kwenda Pasadena. Hapa Kilifi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwaandaa wasichana kwa maelfu kucheza soka, katika vijiji ambako msichana akionekana na kaptura huulizwa kwao hawana kazi ya kumpa. Waamuzi ni wasichana, makocha ni wasichana, na mpira wanaoupiga ni ule ule wa utomvu. Mwaka 2024, timu ya kwanza ya Kenya kupata kufika katika Kombe la Dunia la soka la ngazi yoyote ilikuwa ya wasichana walio chini ya umri wa miaka 17. Katika Jamhuri ya Dominika waliifunga Meksiko 2-1. Wazee wetu walisubiri tangu uhuru kuliona jina la Kenya katika orodha ile, lilipotokea, barazani hapakuwa na kishindo, na niliowauliza wengi walinijibu: "Walishinda, eti?"

Ndiyo maana nawasihi walimu wanaotayarisha midahalo wasiipeleke tena darasani ile mada ya Wamarekani. Andikeni ubaoni: "Wakazi wa Kilifi hawapendi soka." Wapeni wanafunzi wiki moja ya kuhesabu: nani hucheza kijijini mwao, nani huenda uwanjani kuwatazama, na msemaji hutumia "tu-" kwa ajili ya nani. Timu ya wasichana ya shule na ipewe nafasi ya kwanza kuzungumza, kwa sababu saa kumi itakuwa na mazoezi.