HATI YA KUKAMATWA: NAMNA YA KUIULIZIA NA KUIONDOA MAHAKAMANI

Wananchi wa Unguja na Pemba pamoja na wafanyakazi wa Serikali wanafahamishwa kwamba hati ya kukamatwa inayotolewa na hakimu kwa sababu ya mtu kutofika mahakamani si jambo la kukimbiwa, bali ni jambo la kwenda kulimaliza. Ukurasa huu unaeleza hati hiyo ni kitu gani, namna mkaazi anavyoweza kujua kama anayo, na hatua za kuifuta.

Mtu anapopewa dhamana, au anapopokea samansi ya kuja kutoa ushahidi, huwa ameamriwa na mahakama afike siku na saa maalumu. Jina lake likiitwa na asiwepo, na hakimu asipate habari yoyote ya maana kuhusu udhuru wake, hakimu anayo mamlaka ya kuamuru akamatwe na aletwe mbele yake. Amri hiyo huandikwa, ikatiwa saini na muhuri wa mahakama, ikataja jina la mtu na kosa analoshitakiwa kwa ufupi, kisha ikapelekwa kwa polisi. Inafaa ieleweke kwamba hati hii si hukumu. Aliyeandikiwa hajahesabiwa kuwa mkosa katika kesi yake. Amehesabiwa kuwa ni mtu aliyeitwa asije.

Wengi wanaoandikiwa hati hawakukusudia kukimbia. Mvuvi huenda dago na upepo ukamchelewesha kurudi. Mchumaji hufuata karafuu kambini akasahau kuhesabu siku. Mtumishi huhamishwa kutoka Unguja kwenda Pemba, na samansi ikaendelea kupelekwa nyumba aliyokwishaihama. Wako pia waliotajiwa tarehe mahakamani wakaisikia vibaya, wakaona haya kumuuliza karani airudie. Yote haya ni udhuru unaoweza kusikilizwa. Lakini hausikilizwi ukiwa umekaa nao nyumbani.

Kosa kubwa linalofanywa ni kudhani kwamba hati huchakaa. Mtu hukaa miezi, pengine miaka, akaona hakuna aliyemfuata, akasema yamekwisha. Hati huendelea kuwa na nguvu mpaka itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Mwenye nayo huweza kukamatwa siku asiyoitarajia: anaposafiri, au anapokwenda mwenyewe kituoni kutoa taarifa ya baiskeli yake iliyoibiwa. Akikamatwa Ijumaa jioni, hakimu huenda asimuone mpaka Jumatatu.

Anayetia shaka aanze katika mahakama ambayo shauri lake lilifunguliwa, iwe ya Wilaya, ya Mkoa au Mahakama Kuu. Shauri la Wete haliulizwi Chake Chake, wala la Mwanakwerekwe haliulizwi kwa sheha. Aende masjala akiwa na namba ya kesi, kama anayo. Kama hanayo, ataje jina lake kamili, kosa, na mwezi aliofikishwa mahakamani kwa mara ya mwanzo, ili karani alitafute jalada. Aliyepoteza kila kumbukumbu aanzie kituo cha polisi kilichomfungulia shauri, kwani huko hujulikana mahakama ilikopelekwa. Anayeogopa kwenda mwenyewe anaweza kumtuma wakili au jamaa aliye mtu mzima aulizie. Kuuliza kunaweza kufanywa na mwengine; kufuta hati, kwa kawaida, humtaka mwenyewe asimame mbele ya hakimu.

Katika visiwa vyetu majina hufanana mno. Mjukuu hurithi jina la babu, na shehia moja huweza kuwa na watu watatu wanaoitwa sawa mpaka jina la tatu. Hivyo basi anayeambiwa kuwa ana hati aombe asomewe umri, makaazi na kosa lililoandikwa. Polisi anayetekeleza hati anatakiwa amueleze anayemkamata yaliyomo, na amuoneshe hati hiyo akiombwa. Ikiwa si yeye, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi pamoja na maelezo ya sheha wake vitasaidia kuondosha utata. Kubishana njiani au kuvutana na askari hakusaidii, na huweza kuzaa kosa jipya juu ya lile lisilo lake.

Aliyethibitisha kuwa hati ipo na ni yake aende mahakamani mapema asubuhi siku ya kazi, kabla hakimu hajaanza kusikiliza mashauri, amueleze karani kwamba amekuja mwenyewe kwa ajili ya hati. Achukue ushahidi wa udhuru wake: karatasi ya hospitali yenye tarehe, tiketi ya boti, barua ya uhamisho, au maelezo ya sheha kuhusu msiba. Ni vyema awe pamoja na wadhamini wake. Hakimu atamtaka aeleze kwa nini hakufika, na upande wa mashtaka nao utapewa nafasi ya kusema. Baada ya hapo hakimu anaweza kuifuta hati na kuiacha dhamana kama ilivyokuwa, au akaiongezea masharti, au akaiondoa dhamana na mshtakiwa akasubiri kesi yake katika Chuo cha Mafunzo. Ukurasa huu hauwezi kumuahidi mtu lipi katika hayo litampata. Hata hivyo, aliyekuja kwa miguu yake ana la kusema ambalo aliyeletwa kwa gari ya polisi hanalo.

Wadhamini nao wasijione wako mbali. Mdhamini ametia saini kwamba mshtakiwa atafika; asipofika, mahakama inaweza kumwita aeleze kwa nini asilipe kiasi alichojifunga nacho. Wako wazee waliodhamini mtoto wa jirani kwa huruma, kisha wakajikuta wao ndio wanaotafutiwa fedha. Mdhamini anayeona mwenziwe ametoweka aende kuiarifu mahakama kabla ya kuitwa.

Mashahidi wana jambo lao. Shahidi aliyepata samansi akaipuuza bila ya sababu ya kutosha naye huweza kuandikiwa hati. Kesi za udhalilishaji, ambazo tangu mwaka 2021 zina mahakama zake maalumu, hutegemea sana shahidi kusimama na kusema, na mara nyingi shahidi huyo ni jamaa, mwalimu wa skuli au daktari. Wakuu wa kazi wanakumbushwa kuwapa ruhusa watumishi walioitwa. Kusema kwamba ofisi ina kazi nyingi si jibu mbele ya hakimu.

Isitolewe fedha kwa mtu yeyote anayedai kuwa ataiondoa hati faili lisionekane. Si askari, si karani wala sheha mwenye uwezo wa kuifuta. Mwenye uwezo huo ni mahakama. Malipo yoyote halali ya mahakama hutolewa stakabadhi. Anayedaiwa vyenginevyo aifahamishe Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi. Asiye na uwezo wa kuweka wakili aulizie msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, au awaone wasaidizi wa sheria waliopo katika eneo lake.

Mwisho, hati ikishafutwa, mhusika asiondoke mikono mitupu. Aombe nakala ya amri ya kufutwa yenye muhuri, aipeleke katika kituo cha polisi kilichokuwa na hati hiyo na ahakikishe imeandikwa, kisha nakala moja akae nayo. Imewahi kutokea hati kufutwa mahakamani huku karatasi yake ikibaki kituoni, na mtu akakamatwa mara ya pili kwa jambo lililokwisha. Vile vile asisahau kuuliza tarehe ya kesi yenyewe, kwani kufutwa kwa hati hakuifuti kesi, na aiandike papo hapo kabla ya kutoka mlangoni.