Reli za madirisha: kazi inayosahaulika, na jinsi bei yake inavyopangwa

Mvua ya masika inapoanza Mombasa, baina ya Machi na Mei, kuna nyumba ambazo sakafu hulowa chini ya dirisha lililofungwa vizuri. Lawama ya kwanza humwendea fundi aliyeweka dirisha, ya pili huuendea mpira wa kioo. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Maji yamejaa ndani ya reli, yakakosa pa kutokea, yakamwagikia chumbani.

Reli ni ule mfereji wa alumini ambao dirisha la kusukuma hutembea juu yake. Mtengenezaji anajua kwamba mvua ya upepo itaingia humo, kwa hivyo fremu hutobolewa matundu madogo upande wa nje ili maji yatoke. Matundu hayo yakizibwa na mchanga, nywele na wadudu waliokufa, mfereji hugeuka kuwa beseni. Pwani kuna jambo la ziada. Upepo wa kusi, unaovuma kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, hutoka baharini ukiwa na chumvi. Chumvi huvuta unyevu, unyevu hushika vumbi, na tope hilo likikauka huwa gumu kama plasta. Madirisha yanayotazama bahari, Nyali au Kizingo kwa mfano, huziba mapema kuliko yaliyo nyuma ya jengo hilo hilo.

Wasafishaji wazoefu huanza bila maji. Kumwagia reli maji ikiwa bado ina vumbi ni kutengeneza tope na kulisukuma moja kwa moja kwenye matundu. Kwanza uchafu mkavu hulegezwa kwa brashi ya rangi au mswaki wa zamani, ambao hushinda vifaa vingi vya dukani, kisha hufyonzwa kwa mashine au kuzolewa kwa kitambaa. Penye kona, ambako brashi haifiki, hutumika njiti ya mbao au kipande cha plastiki. Bisibisi na brashi ya waya huachwa kando kwa sababu hukwaruza alumini, na mkwaruzo huwa mahali papya pa uchafu kujishikiza.

Baada ya hapo ndipo maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo hutumika, yakiachwa dakika chache yalainishe kilichoganda. Maji yenyewe ni machache. Nusu ndoo inaweza kutosha madirisha kadhaa, jambo la maana katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa mtungi. Matundu huzibuliwa kutoka nje pale panapofikika salama, reli hupanguswa, halafu hukaushwa. Dirisha likiwa bado zito kusukuma, magurudumu yake hupakwa kiasi kidogo cha mafuta ya silikoni. Mafuta ya kupikia au ya gari hunata na kukusanya vumbi upya.

Tahadhari moja haina mjadala: dawa kali ya choo yenye tindikali, au magadi makali ya kuzibua mabomba, haifai kwenye alumini. Hula rangi ya fremu na kuacha madoa yasiyotoka. Tena, dawa yenye tindikali ikichanganywa na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa anayeivuta.

Ugomvi mwingi kuhusu bei hutokana na neno “madirisha”. Mkaazi akisema anataka madirisha yasafishwe, yeye huwaza kila kitu. Msafishaji huwaza vioo. Katika biashara hii, kuipangusa reli mara moja kwa kitambaa huweza kuhesabiwa ndani ya bei ya kioo, lakini kuichimbua na kuzibua matundu ni kazi nyingine yenye bei yake. Wapo wanaotoza kwa kila reli, wengine kwa kila dirisha, na wengine hukadiria nyumba nzima baada ya kuiona.

Kinachoamua bei ni muda. Tuchukue hesabu ya mfano tu, maana bei hizi hazikupangwa na serikali. Msafishaji anataka kubaki na shilingi 2,000 kwa siku, na nauli, sabuni na vitambaa ni shilingi 400. Akiondoa muda wa safari na kupanga vifaa, ana saa 6 za kazi, hivyo kila saa inapaswa kumlipa shilingi 400. Reli inayosafishwa kila baada ya miezi michache ikimchukua dakika 15, ni shilingi 100. Reli ya nyumba iliyotoka kujengwa, yenye saruji na matone ya rangi, ikichukua dakika 45, ni shilingi 300. Kwa nyumba ya reli 12, hiyo ni tofauti ya shilingi 1,200 na 3,600. Ndiyo sababu bei inayotajwa kwa simu, kabla ya mtu kuona hata picha, hubadilika akifika mlangoni. Kumtumia picha ya reli iliyo chafu zaidi hupunguza mabishano.

Ghorofani, bei hupanda kwa sababu nyingine. Mtu haruhusiwi kusimama kwenye kizingiti bila kinga ili afikie tundu la nje, hata mwenye nyumba akiwa na haraka kiasi gani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtaka awe na bima ya wafanyakazi. Mkaazi anayeajiri kampuni ana haki ya kuomba kuona bima hiyo pamoja na kibali cha biashara.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: idadi ya reli, kama matundu yamo, nani analeta maji, na jumla ya malipo. Ujumbe huo ni ushahidi iwapo shauri litafika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Kabla ya kulipa salio, kikombe kimoja cha maji kimiminwe polepole ndani ya reli. Yakitoka nje ndani ya muda mfupi, kazi imekamilika. Yakisimama, msafishaji bado yupo na vifaa vyake viko wazi.