Pima Kwanza, Kisha Lima

Mwaka 1947 Waingereza walianza kilimo kikubwa cha karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Matrekta yalitangulia, udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 hivi zilipotea.

Korosho zatufundisha kinyume chake. Ubwiriunga ulipoharibu maua ya mikorosho, wataalamu wa Naliendele, Mtwara, waliijaribu salfa pamoja na wakulima, nao wakatoa mbegu bora.

Sasa Ruangwa ina kinywe, madini yatumikayo katika betri za magari ya umeme. Wenye mitaji wakishirikiana na vyuo vikuu kupima kwanza, tutafaidika. Wanafunzi, kemia mnayojifunza si ya mtihani tu. Wapimaji wa kesho ni ninyi.