MAKENGEZA: TUYATAMBUE MAPEMA

Darasani kwangu alikuwepo mtoto aliyesoma huku amegeuza kichwa upande. Nilimkaripia mara nyingi nikidhani anacheza. Mama yake alipompeleka kwa daktari wa macho, ikabainika kuwa ana makengeza. Akitazama mbele sawasawa aliona kila herufi mara mbili. Nilimwomba radhi. Naandika ili kosa langu lisirudiwe.

Makengeza ni nini?
Kila jicho lina misuli 6 inayoligeuza. Kwa kawaida macho yote mawili hulenga kitu kimoja. Jicho moja likielekea puani, nje, juu au chini wakati jingine limelenga, hayo ndiyo makengeza. Kwa wengine huonekana daima, kwa wengine wanapochoka tu.

Tutayatambuaje?
1. Kwa tochi. Mtoto aitazame tochi ndogo mbele yake. Nukta ya mwanga ikae mahali pamoja katika mboni zote mbili. Ikiwa moja imekaa pembeni, kuna shaka.
2. Kwa kufunika. Mtoto akikazia macho kitu, funika jicho moja, uangalie lililo wazi. Likisogea ili kukipata kitu kile, halikuwa limekilenga. Kisha jaribu jicho la pili.

Vipimo hivi huleta shaka tu. Anayethibitisha ni daktari. Wapo watoto wenye sehemu pana kati ya macho, ambao huonekana wana makengeza kumbe hawana. Macho ya mtoto mchanga nayo hupotea mara mojamoja, lakini akipita miezi 4 na hali ikaendelea, apelekwe akapimwe.

Kwa nini tuharakishe?
Wengi husema, "Atakua yataisha." Hili ni kosa. Ubongo wa mtoto huiacha picha ya jicho lililopotoka, na uwezo wa jicho hilo hufifia. Matibabu ni miwani, kufunika jicho zima ili lile dhaifu lifanye kazi, au upasuaji. Uwezo wa kuona hurudi kwa urahisi zaidi mtoto akiwa bado mdogo. Mboni ikionekana nyeupe, au makengeza yakizuka ghafla, nendeni hospitali bila kuchelewa, kwani huenda ni ugonjwa mkubwa.

Basi msimwite mwenzenu "Kengeza". Mkiona dalili, mwambieni mwalimu au mzazi wake kwa siri.