Gari la Michezo katika Vumbi la Ndara

Datsun 240Z, gari la michezo lenye milango miwili, lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Ushindi huo usimhadae mwenye gari kama hilo aishiye Ndara, karibu na Voi. Adui wake mkuu ni vumbi jekundu. Kichujio cha hewa, ambacho mafundi hukiita filta, kikiziba, injini hukosa pumzi na kubugia petroli. Kikipasuka, vumbi husaga ringi za pistoni. Moshi wa samawati ukitoka nyuma, ujue injini inakunywa oili. Hapo kung'arisha bodi ni kumpamba mgonjwa! Kikaguliwe mapema kuliko kitabu cha gari kinavyoagiza. Rejeta nayo ifunguliwe injini ikishapoa, kwani maji yachemkayo hufumka yakaunguza uso.