Warsha Pekee Hazitoshi Vyuoni

Warsha za utafiti wa kidijitali zimeanza kuzoeleka katika vyuo vikuu. Wahadhiri na wanafunzi hukusanywa kwa siku mbili au tatu, hufunzwa kutumia programu za kuchanganua matini, kisha hupewa vyeti na kutawanyika. Miezi michache baadaye, aghalabu mshiriki huwa amesahau hata namna ya kuifungua programu yenyewe. Je, muda na fedha hizo zimemfaa nani?

Sizipingi warsha. Ninalolipinga ni dhana kwamba ujuzi huu hupatikana kwa kuketi na kusikiliza tu.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayetafiti kitenzi "lala". Akiiagiza tarakilishi imtafutie neno hilo katika maelfu ya sentensi, ataletewa "analala" na "walilala". Ataletewa pia "wanalalamika", neno lisilohusiana kamwe na usingizi, kwa kuwa tu herufi hizo nne zimo ndani yake. Papo hapo atakosa "hatulali" na "amelazwa", ilhali yote mawili yanatokana na kitenzi hicho hicho. Mashine huona herufi. Viambishi haivijui mpaka ifunzwe, na wa kuifunza ni mtu anayeifahamu sarufi ya Kiswahili.

Tatizo kama hili ni nadra kujitokeza siku ya warsha, ambapo mifano huwa imeteuliwa mapema, tena mara nyingi ni ya Kiingereza. Hujitokeza baadaye, mtafiti akiwa peke yake mbele ya data yake. Hapo ndipo anapohitaji kikundi cha watumiaji: wenzake wachache wanaokutana kila juma, kila mmoja akija na lililomtatiza. Haba na haba hujaza kibaba.

Kikundi cha namna hiyo kingekuwa na kazi tele. Kila mwaka wanafunzi wetu hurekodi ngano, methali na mahojiano kwa ajili ya tasnifu zao. Baada ya mahafali, rekodi hizo huishia katika makabati na simu zinazopotea. Kikundi kingeweza kuafikiana jinsi ya kuzipa faili majina, kuandika msemaji ni nani, alirekodiwa wapi na lini, na kuhakikisha kuwa ameridhia, kama inavyodai Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Si ndoto. Chuo Kikuu cha Helsinki, kupitia juhudi za Profesa Arvi Hurskainen, kilijenga hazina ya matini ya Kiswahili, yaani kopasi, ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25 yaliyoambatishwa maelezo ya kisarufi. Hapa nchini, watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walieleza mwaka 2022 kuhusu Kencorpus, yenye matini 4,442 na sauti za saa 177 katika Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Uwezo basi tunao. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuendeleza katika kila idara.

Gharama yake si kubwa: chumba, siku maalumu na mtu wa kuwaita wengine. Wakuu wa idara nao hawana budi kuuhesabu muda huo kuwa sehemu ya kazi ya mhadhiri. Walimu wa shule za upili zilizo jirani waalikwe pia, kwani wao ndio wanaosikia kila siku jinsi vijana wanavyokitumia Kiswahili.

Tusipofanya hivyo, tutaendelea kutunukiana vyeti huku wanafunzi wetu wakilazimika kubisha hodi ughaibuni kuuliza habari za lugha inayozungumzwa nje ya madirisha ya madarasa yao. Warsha ifungue mlango. Kikundi ndicho kitakachotuingiza nyumbani.