Ondoa Ziada Kwanza, Ndipo Ugawanye

Mwandikie mwanafunzi wa darasa la sita swali hili ubaoni: "Jumla ya namba tatu zinazofuatana ni 72. Tafuta namba iliyo ndogo kuliko zote." Wengi watagawanya 72 kwa 3, wapate 24, na jibu litaandikwa 24. Kugawanya wanajua. Kinachowashinda ni kuona kwamba namba hizo tatu hazilingani, kwa hiyo lazima zisawazishwe kabla ya kugawanya.

Mwalimu akikimbilia kuandika n + (n + 1) + (n + 2) = 72, watoto watanakili hatua bila kujua ile n imetoka wapi. Kati ya maneno ya swali na mlinganyo kuna hatua inayorukwa, nayo ni mchoro.

Singapore waliiingiza hatua hiyo katika vitabu vyao vya shule za msingi mwaka 1983, kazi iliyofanywa na kikundi cha watunzi wa mtaala chini ya Kho Tek Hong. Kila kiasi kilichomo kwenye swali, kijulikane au kisijulikane, huchorwa kama pau, yaani mstatili mwembamba. Mwaka 1995 wanafunzi wa nchi hiyo waliongoza katika hisabati kwenye TIMSS, upimaji wa kimataifa wa hisabati na sayansi, na walimu wa nchi nyingine wakaanza kuichunguza njia yao.

Swali letu huchorwa hivi:

Ya kwanza: [   ?   ]
Ya pili: [   ?   ][1]
Ya tatu: [   ?   ][1][1]

Pau zote zianzie kwenye mstari mmoja upande wa kushoto. Zikianza ovyo, tofauti haionekani, na mchoro hausaidii kitu. Sasa uliza: vipande vya ziada ni vingapi? Ni 3. Viondolewe: 72 − 3 = 69. Vimebaki vipande vitatu vilivyo sawa, na hapo kugawanya ni halali: 69 ÷ 3 = 23. Namba ni 23, 24 na 25. Mwanafunzi azijumlishe mwenyewe ahakikishe.

Usiufute mchoro bado. Mwambie achukue kipande kimoja cha 1 kutoka pau ya tatu akipeleke kwenye pau ya kwanza. Pau zote zimekuwa sawa na ile ya pili! Ndiyo maana 72 ÷ 3 huleta namba ya katikati. Aliyejibu 24 alikuwa na hesabu sahihi. Aliipata namba ya katikati akaiita ndogo. Mtoto akilielewa kosa lake kwa namna hii, halirudii.

Mchoro huohuo hutatua namba shufwa na namba witiri zinazofuatana, ila ziada hubadilika. Hapa pana mtego: mwanafunzi akisikia "witiri" huongeza 1, kisha 3, akidhani ziada nazo ziwe witiri. Aandike kwanza 7, 9, 11, aone zinapishana kwa 2. Kisha mpe witiri tatu zenye jumla ya 81. Ziada ni 2 na 4, jumla 6; 81 − 6 = 75; 75 ÷ 3 = 25. Namba ni 25, 27 na 29.

Baada ya hapo wape 100. Je, ni jumla ya namba tatu zinazofuatana? 100 − 3 = 97, haigawanyiki kwa 3, basi hazipo. Nne? Ziada ni 1 + 2 + 3 = 6; 94 haigawanyiki kwa 4. Tano? Ziada ni 10; 90 ÷ 5 = 18, na namba ni 18 hadi 22. Darasa linalojua kusema "hazipo" na kueleza kwa nini limevuka kukariri.

Hapo ndipo herufi iletwe. Alama ya kuuliza ndani ya kipande ifutwe, iandikwe n. Pau zinasomeka n, n + 1, n + 2, na jumla yake ni 3n + 3 = 72. Kutoa 3 pande zote mbili ndiko kuondoa vile vipande vya ziada. Kugawanya kwa 3 ndiko kutafuta urefu wa kipande kimoja. Kila hatua mwanafunzi ameshaifanya kwa mkono wake.

Wako watakaoacha kuchora wenyewe. Waachwe, wala wasikatwe alama. Mwalimu awapime kwa swali moja: namba zikiwa nne, mlinganyo huanza na 4n + 6, je, 4 ni ya nini, na 6 imetoka wapi? Anayeweza kujibu kwamba 4 ni idadi ya pau na 6 ni jumla ya ziada yuko tayari kwa aljebra ya sekondari.